Feni ya shilingi 5,500, ya nini hasa?

Haya. Leo naandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe inanihusu mimi, kwa hivyo mnivumilie.

Swali ni hili: feni ya kompyuta ya bei ya juu, ile ambayo moja tu inapita shilingi elfu tano, ina thamani ya pesa zake? Nimeulizwa mara nyingi na kwa miaka mitatu nimekuwa nikijibu "ndiyo" hata kabla mtu hajamaliza kuuliza. Nilikuwa na jibu langu la mfukoni: cha rahisi ni ghali. Leo nasema hapana. Kwa watu wengi wa huku kwetu, Kericho na Bomet, hapana kabisa, na wale wanaotetea hizi feni mitandaoni kama dini wanaweza kuninunia wakitaka.

Kwanza kisa chenyewe.

Shangazi yangu ana saiba pale Litein. Mashine sita, printa mbili na mashine ya kufotokopi ambayo ni mzee kuliko baadhi ya wateja. Watu wanakuja kujaza ritani za KRA, kuingia eCitizen, kuomba mkopo wa HELB, kuchapisha CV. Mashine nne kati ya hizo sita ni za kuunganishwa, zina Core i5 kizazi cha nne, na mwaka jana zilianza kujizima zenyewe mchana. Mteja yuko katikati ya fomu, kioo kinakuwa cheusi. Mteja wa namna hiyo halipi, na kesho yake utamwona akiingia saiba ya ng'ambo ya barabara.

Akanipigia simu. "Si wewe ulisomea hii maneno?" Nilisomea, ndiyo, miaka minne. Na kwa elimu yangu yote nikampa jibu kwa simu bila kufungua hata mashine moja: shangazi, shida ni feni. Hizo zilizoko ni za mia sita, unatarajia nini? Nikamwagizia Noctua nne, NF-A12x25 za milimita 120, zile za rangi ya chai ya maziwa. Kila moja ilitufikia kwa shilingi 5,500. Jumla 22,000. Pesa zilitoka kwenye bonasi. Ukichukua kilo ya majani mabichi kuwa shilingi 25 tu kwa hesabu rahisi, hizo ni kilo 880 zilizochumwa kwa mkono na kubebwa hadi kituo cha kununulia majani. Nawaomba mkumbuke hiyo 880 tunapoendelea.

Nikazifunga Jumamosi. Kimya kizuri ajabu. Shangazi akasema mashine zimekuwa kama hazijawashwa. Nikanywa chai yangu nikaondoka nikiwa na kichwa kikubwa. Jumatatu saa nane mchana simu ikalia. Mbili zimejizima.

Hapo ndipo nilirudi nikafanya kile ambacho fundi yeyote wa mtaani angefanya kwanza. Nilifungua. Hitisinki ya prosesa ilikuwa imevaa blanketi la vumbi na nyuzi za sweta (huku ni baridi, kila mtu ana sweta, na sweta zinapukutika). Feni ndogo ya prosesa ilikuwa inasukuma hewa kwenye hilo blanketi tu. Pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka kama chokaa. Na juu ya hayo yote, mashine zilikuwa zimefungiwa ndani ya makabati ya mbao chini ya meza ili zisiibwe, makabati yasiyo na tundu hata moja kwa nyuma. Yaani feni ya shilingi 5,500 ilikuwa inatoa hewa moto kwenye kasha, inaigonga mbao, na hewa ile ile inarudi kwa mbele kuingia tena.

Brashi ya rangi, mpya. Pesti ya shilingi 400. Seremala wa jirani akakata nyuma ya makabati kwa 300. Mashine iliyokuwa ikigonga nyuzi 100 na kujizima ikashuka hadi 71 chini ya kazi nzito ya nusu saa. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kushuku, nikairudisha ile feni ya zamani ya mia sita kwenye mashine hiyo hiyo, nikarudia jaribio lile lile. Nyuzi 74.

Nyuzi tatu. Kilo 880 za majani kwa nyuzi tatu kwa kila mashine. Na prosesa haijui tofauti ya 71 na 74. Hizi Intel hupunguza kasi zikikaribia 100. Chini ya hapo zinafanya kazi kwa mwendo wao uliopangwa. Fomu ya KRA haijazwi haraka zaidi kwa nyuzi 71.

Sasa najua mtakachosema. Mtasema huo ni uzembe wangu, si kosa la feni. Sawa kabisa, nakubali, uzembe ni wangu. Noctua inafanya yote iliyoandikwa kwenye boksi lake. Lakini tuangalie hicho kilichoandikwa.

NF-A12x25 ilitoka mwaka 2018 (toleo la pili, G2, lilikuja 2025). Inazunguka hadi mara 2,000 kwa dakika, inasukuma futi za ujazo 60.1 za hewa kwa dakika, na shinikizo lake ni milimita 2.34 za maji. Ni kazi nzuri ya uhandisi: nafasi kati ya ncha za mapanga na fremu ni nusu milimita tu, na ili mapanga yasirefuke kwa joto na kugusa fremu wametumia plastiki ya pekee ambayo haivutiki. Namheshimu aliyeichora. Sasa chukua Arctic P12, ambayo pia ilitoka 2018. Mizunguko 1,800, futi 56.3, shinikizo milimita 2.20. Kwenye karatasi tofauti ni kama asilimia sita au saba. Bei je? Huko ng'ambo P12 tano kwenye pakiti moja zimekuwa zikiuzwa kwa bei inayokaribiana na ya Noctua moja, dola 30 na kitu. Tano! Za kelele hata siwezi kuzilinganisha kwa karatasi kwa sababu mmoja anaandika desibeli, mwingine anaandika soni, na kila mmoja anapima kwa namna yake.

Hapo watetezi wanahamia kwenye kelele. Wanasema unalipia ukimya. Ni kweli, ndicho unacholipia, na hapo ndipo hoja inapofia huku kwetu. Nani ana ukimya Litein? Mbele ya saiba kuna stendi ya boda boda. Nyuma kuna kinu cha posho. Na juu kuna mabati. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa, lakini kwa wasomaji wa Mombasa na Dar: Kericho mvua inanyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na eneo hili linajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Mvua ya mawe ikianza juu ya mabati hata simu husikii. Feni yako ya desibeli 22 hapo inamnyamazia nani?

Isitoshe, ukimya mwingi ni wa bure. Hii ndiyo sehemu ambayo inaniuma kama mtu wa programu, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye mipangilio. Feni zina kanuni zake za kifizikia: ukipunguza kasi kwa theluthi moja, hewa inapungua kwa theluthi hiyo hiyo, lakini kelele inashuka kwa karibu desibeli tisa, ambayo sikio linasikia kama karibu nusu. Umeme unaotumika unabaki chini ya theluthi. Ingia BIOS, tafuta ukurasa wa feni, shusha mstari wa kasi ili feni isipige mbio mpaka prosesa ifike nyuzi 65 au 70. Dakika tano. Feni yoyote yenye pini nne inakubali hili, hata ya mia nane. Kuna watu wamenunua feni ya elfu tano wakaiacha ikimbie kwa kasi yote mchana kutwa, halafu wanaandika kwamba ni tulivu kuliko ile ya zamani ambayo nayo ilikuwa inakimbia kwa kasi yote.

Kuna hoja moja ambayo huwa naisikia kutoka kwa vijana wa chuo, na ni hoja nzuri, siwezi kuiruka. Wanasema: sisi tuko juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo tunahitaji feni bora kuliko watu wa pwani. Ni kweli hewa ni nyepesi. Kericho mjini iko juu ya mita 2,000, na hewa ya hapo ina uzito wa karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Feni ikizunguka kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule, lakini ndani ya huo ujazo kuna hewa pungufu ya kubeba joto. Prosesa ambayo Mombasa ilikuwa nyuzi 40 juu ya joto la chumba, huku inaweza kuwa 46 au hata 48 juu ya chumba. Lakini chumba chenyewe! Mombasa chumba ni 28, huku ni 18 au 20. Tunapoteza sita hadi nane upande mmoja, tunarudishiwa nane hadi kumi upande wa pili. Tunatoka sare au tunashinda kidogo. Baridi ya Kericho ni feni tuliyopewa na Mungu na haina risiti.

Halafu umri. Hapa ndipo nilipokuwa nikijificha kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa cha rahisi kweli kinaweza kuwa ghali. Feni za chini kabisa hutumia beringi ya bomba, yaani mhimili unazunguka ndani ya kijibomba chenye mafuta. Mafuta yakikauka inaanza kulia kama panya, na mafundi wetu wanabandua stika nyuma na kudondoshea mafuta ya cherehani. Inanyamaza miezi michache, kisha inalia tena. Noctua wanaahidi saa 150,000 na dhamana ya miaka sita. Saa 150,000 ni miaka 17 bila kuzima.

Miaka 17 ndani ya mashine gani, jamani? Core i5 kizazi cha nne ni za 2013 na 2014. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu. Shangazi amebakiza miaka miwili, mitatu na hizi mashine akijitahidi, na labda tuhamie Linux (hilo ni la siku nyingine). Utasema feni inahamishika kwenda mashine mpya. Inahamishika kama mashine mpya ni ya kuunganishwa. Lakini mashine mpya ya Litein ni ya mtumba kutoka ofisi za Uingereza, na hizo nyingi zina feni za milimita 92 au 80, nyingine zina viunganishi vyao wenyewe vya pini tano, na nyingine ukichomoa feni waliyoiweka wao zinakataa kuwaka kwa amani, zinakuletea onyo kila asubuhi. Hiyo dhamana ya miaka sita nayo, mkishaagiza kupitia mtu wa Nairobi aliyeagiza kupitia mtu mwingine, mnairudisha wapi?

Na kinachoua kompyuta huku si beringi. Ni stima. Inapotea mara tatu kwa wiki wakati wa mvua na inarudi kwa kishindo. Pawa saplai zinakufa, disiki zinakufa, na feni ya bei yoyote iko pale pale inaangalia. Kwa hizo 22,000 shangazi angepata UPS mbili ndogo na chenji ikabaki.

Nilimsimulia haya yote binamu yangu ambaye ni fundi wa umeme kwenye kiwanda cha chai, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kazi yake ni feni. Majani mabichi yakifika kiwandani hayaendi kwenye mashine moja kwa moja, yanamwagwa kwanza kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa mwishoni mwa kitanda inapuliza hewa chini yake, ikipanda kupitia majani, saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, mpaka yanyauke. Viwanda vyote vya huku, Kapkatet, Litein, Tegat, Kapkoros na vingine, vinaanzia hapo. Akaniambia majani yakimwagwa mazito mahali pamoja, hewa inatafuta pale palipo pepesi inapitia hapo, na yale mazito yanabaki mabichi huku mengine yamekauka. Sasa meneja mgeni akiona hivyo anafikiria feni haina nguvu. Wewe unayejua unachukua mtu anasambaza majani. Hiyo ndiyo habari yote ya shinikizo ambayo mimi nilisoma kwenye mitandao ya Wamarekani, na binamu yangu anaijua kwa kiganja cha mkono. Nami ndiye nilikuwa meneja mgeni pale saiba, nikilaumu feni wakati blanketi la sweta limeziba njia ya hewa.

Nisionekane nachukia vitu vizuri. Kuna watu ambao ningewaambia wanunue, tena bila kusita. Kuna jamaa Bomet mwenye studio ya kurekodi nyimbo za injili kwenye chumba kimoja, maikrofoni iko mita moja na nusu kutoka kwenye kompyuta. Yeye mlio wa feni unaingia ndani ya kazi anayouza. Kuna dada wa Kericho mjini anafanya kazi ya kunakili sauti usiku, chumba kimoja, mtoto analala kando. Watu hao wananunua ukimya na watautumia kila siku. Mimi mwenyewe mashine yangu ya kazi ina mbili na sizitoi. Ni nzuri na nazipenda. Ila nilikosa adabu ya kutofautisha ninachokipenda na anachohitaji mwenye saiba.

Kwa wengine wote, kama feni imekufa kweli, nunua ya kati: pini nne, beringi ya mafuta ya kujizungusha au ya mipira, ya kampuni inayojulikana. Kabla hujalipa, isukume kwa kidole. Inayozunguka kwa ulaini na kuendelea kidogo ni nzima, inayokwama au kukwaruza mrudishie muuzaji. Epuka zile zenye taa za rangi saba zisizo na jina, unalipia taa. Na usiamini stika peke yake, nimefungua feni iliyoandikwa mipira ndani yake nikakuta kijibomba.

Kabla ya hapo, safisha. Kila miezi mitatu kama uko kando ya barabara ya murram, miezi sita kama uko ghorofani. Ukitumia blowa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Ukiiacha ikimbie kwa upepo wa blowa unaua beringi yenyewe. Badilisha pesti kila baada ya miaka michache. Na mashine yoyote iliyofungiwa kwenye kabati, toboa kabati. Najua wezi wapo. Weka wavu wa chuma nyuma, hewa inapita na mkono haupiti.

Mashine za shangazi hazijajizima tangu siku ile ya brashi, na sasa ni miezi saba. Hakunigombeza, jambo ambalo lingekuwa nafuu. Alisema tu, "Basi umejifunza na pesa yangu," akaendelea kuchapisha barua ya mtu. Nimeanza kumrudishia kidogo kidogo. Feni mbili nimezitoa nikarudisha zile za mia sita, moja nimeitia mafuta ya cherehani na mpaka leo haijalia, na yule jamaa wa studio Bomet amezichukua kwa 7,000. Zimebaki mbili. Ni safi, zina skrubu zote na boksi lake. Nataka 3,500 kwa moja, na kama una saiba siuzi.